Lango la Nakiru

Kijana wa marehemu Kalanzi alikuja kwenye kihoteli changu pale Wandegeya, Kampala, mchana, wanafunzi wamejaa, akasubiri kwa adabu mpaka nikapata nafasi. Alitaka nipike siku ya kumaliza msiba wa baba yake, ile sherehe ambayo sisi Baganda tunaiita olumbe, mrithi akivikwa nguo ya gome na watu wakila. Tukakubaliana ndizi, mchele, nyama, na chai ya wazee. Kisha akasema, "Na wewe, Maama Robina, utatuambia maneno mawili matatu. Watu wa zamani wamekwisha. Taata alikuwa akisema ulikaa kwake ukiwa msichana, akakutunza kama mtoto wake." Nilikuwa nimeshika mwiko. Niliutazama ule mwiko kabla ya kumtazama yeye, maana kijana hana kosa, alizaliwa mambo yamekwisha. Nikamwambia, "Nitasema." Akashukuru, akaenda zake na furaha. Siku zilizobaki nikawa namenya ndizi huku napanga maneno, nikaona hayapungui, yanaongezeka. Ya kusema mbele ya watu niliyapunguza. Haya ya hapa siyapunguzi.

Shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hiyo mtu asitafute hapa maneno ya vitabu. Habari za ukoo wangu nazo naziacha, hazikunisaidia kitu mwaka ule. Na wako Baganda wenzangu watakaouliza kwa nini naandika Kiswahili, lugha tuliyoogopa kuisikia mlangoni enzi za serikali ya wanajeshi. Jibu langu ni fupi. Kiswahili nilijifunza jikoni kwa askari, nikakinyoosha baadaye kwa redio na kwa wateja wangu Wakongo. Walionitenda walinitenda kwa Kiswahili, na aliyenisemea nikapona alinisemea kwa Kiswahili hicho hicho. Wote nitawataja.

Wa kwanza ni Kalanzi mwenyewe. Alikuwa na baa Kansanga, kwenye barabara ya Ggaba, chumba kimoja chenye mabenchi na nyuma yake jiko la mabati nilikopikia. Nilikuwa na miaka ishirini na kidogo. Wahindi walikuwa wameshafukuzwa, maduka yamepewa watu wasiojua hata bei ya kiberiti, na sukari ilikuwa kitu cha kusimuliwa. Samaki alitoka Ggaba akiwa bado anapumua, nami nilimkaanga, na harufu yake ndiyo iliyomleta Sajini Amule. Huyo ni wa pili kumtaja. Saidi Amule, mtu mrefu, sauti ndogo, mikono safi siku zote. Aliegesha lori la jeshi mbele ya baa, na wateja wote wakakumbuka kwamba wana kazi nyumbani. Kalanzi akapangusa benchi kwa shati lake mwenyewe. "Afande, kalibu! Kalibu sana! Robina, fukamira, msalimie afande."

Fukamira maana yake piga magoti. Msichana wa Kiganda halazimishwi kupiga magoti, magoti yenyewe yanajua. Ukimsalimu mkubwa, chini. Ukimpa mtu chakula, chini. Mtu akikupa kitu, hata kiberiti, chini. Nikapiga magoti, nikamsalimu, nikampa samaki wake. Amule akala kimya, akatoa miiba yote akaipanga pembeni kama anayeihesabu, kisha akasema, "Hii mwanamke napika mzuri." Kalanzi akacheka peke yake. Baada ya siku chache lori likarudi, askari wawili wakashusha gunia la sukari, wakaliingiza ndani ya baa, na Amule akabaki mlangoni akinitazama. "Wewe, panda gari. Mupishi yangu nakimbia." Nikamtazama Kalanzi, nikidhani atasema neno. Alinishika bega, akalikandamiza mpaka magoti yakafika sakafuni, akasema kwa sauti ya mtu anayemfundisha mtoto adabu, "Mshukuru afande." Hayo ndiyo matunzo aliyowasimulia watoto wake.

Amule alikaa Bugolobi, kwenye maghorofa, katika nyumba ambayo haikuwa yake. Wenyewe walikuwa wamekwenda kusikojulikana na vitu vyao vilibaki. Sebuleni palikuwa na picha ya harusi, bibi harusi anacheka na jino moja limepanda juu ya jingine, na chini ya picha askari walitundika mikanda yao. Jikoni nilikuta kikombe cha mtoto chenye picha ya bata. Sikukitumia hata siku moja, nilikiosha tu kila asubuhi pamoja na vingine. Maji hayakupanda ghorofani, niliyabeba kwa ngazi. Upepo ukitoka upande wa viwanda ulileta harufu ya kahawa iliyoungua, kahawa ambayo hatukuwahi kuinywa. Chumba cha pili cha nyumba ile sitakieleza. Aliyeishi enzi zile anajua, na asiyejua asinilazimishe.

Nilipika walichotaka, nikawapakulia, nikapiga magoti kwa kila sahani, na hilo liliwafurahisha kuliko chakula. Amule aliwaita wenzake waje waone. "Hii Baganda nafundisha wanawake vizuri," alisema. "Sisi kwetu mwanamke natupa sahani mbele yako kama nalisha mbwa." Wakacheka. Mwenzake mmoja akaniangushia kijiko makusudi nipige magoti tena kukiokota, nikakiokota. Nikiwa chini nilisikia mengi, maana mtu aliye chini hahesabiwi. Ndivyo nilivyosikia habari ya Karamoja, nchi ya wafugaji huko kaskazini-mashariki. Amri ilikuwa imetoka juu kwamba watu wa kule waache kutembea uchi, wavae nguo kama wananchi wengine.

"Ile watu hapana na haya," alisema mmoja. "Mzee mzima natembea na kigoda tu mkononi."

"Na ng'ombe?" Amule akauliza.

"Ng'ombe iko mingi kama nzige, afande."

"Basi tunapeleka nguo," Amule akasema, "na gari hapana rudi tupu."

Walicheka sana, nami nikaambiwa nifungashe masufuria.

Sikuwa nimewahi kuvuka Jinja. Nilikaa nyuma ya lori, juu ya marobota ya nguo, kaptula na magauni ya kitambaa kile kile cha kijivu, yamekatwa saizi moja kama ya maiti. Tulipita Tororo, tukapita Mbale, na mpaka hapo dunia ilikuwa ile ninayoijua, migomba na watu wenye majembe. Kisha migomba ikaisha. Sijui namna ya kumweleza Muganda jambo hilo. Ilipungua, ikawa mmoja mmoja, halafu nikatazama nyuma, nikatazama mbele, hakuna hata mmoja, nikajiuliza watu wa huku wanafunika chakula kwa majani gani. Mlima Elgoni ulibaki nyuma yetu, barabara ikawa mchanga, miti ikawa miiba mitupu, na mbele mlima mwingine, Kadam, umesimama peke yake kama kitu kilichosahauliwa pale. Anga lilikuwa kubwa mno. Nilijifunika kanga usoni, si kwa vumbi, kwa kuona kwamba hakuna pa kukimbilia wala pa kujificha. Hapo nilikosea. Mahali pa kujificha palikuwepo tele, ila si pa aina niliyoizoea.

Rejeta ilichemka mchana wa jua kali. Amule alikuwa ameona vumbi la ng'ombe kwa mbali, akaondoka na askari wake kwa miguu, akaacha wawili walinde lori. Hao wawili wakaingia chini yake kwenye kivuli. "Mupishi," mmoja akasema amefumba macho, "tafuta maji." Akanisukumia debe kwa mguu. Nikafuata njia ya mifugo mpaka kwenye mto usio na maji, mchanga mtupu, na katikati ya mchanga shimo refu, na ndani ya shimo mwanamke anachota kwa kibuyu. Alipopanda juu nilimwona vizuri: mtu mzima, kichwa kimenyolewa, shanga zimejaa shingo, sketi ya ngozi, na midomo mikavu kama yangu. Alikuwa mkubwa kwangu. Nikaweka debe chini, nikapiga magoti mchangani, nikamsalimu kwa Kiganda, salamu yote, na habari za nyumbani na za kazi.

Alinitazama pale chini, akatazama gauni langu, akatazama juu ya ukingo palipoonekana pua ya lori na moshi wake. Kutoka upande wa malisho risasi zikalia, moja, kisha nyingi. Mama yule akamwaga maji yake yote. Mpaka leo nikikumbuka yale maji yanavyozama mchangani roho inaniuma, maana baadaye nilijua alichota kwa muda gani. Akanishika mkono juu ya kiwiko, akaninyanyua kwa nguvu, na tukakimbia. Debe la jeshi lilibaki pale.

Huyo alikuwa Nakiru. Kwao ni boma la miti ya miiba iliyosukwa nene, na lango lake ni tundu, fupi kiasi kwamba hata mtoto mkubwa anainama na mtu mzima anatambaa. Nilitambaa kumfuata. Ndani nikakuta lango jingine, na jingine, kila nyumba na uzio wake, mpaka nikatokea kwenye ua wenye vihenge vya mtama vilivyoinuliwa juu ya miti. Akanipa maziwa kwenye kibuyu, yana harufu ya moshi, machungu kidogo. Nikapiga magoti kuyapokea. Akapiga kelele, na kutoka kivulini akaja mzee mmoja amebeba kigoda chake, shemeji yake, aitwaye Lokwang. Lokwang alikuwa polisi miaka mingi, Mbale na kwingine, akazeeka, akarudi kwao. Alikaa kwenye kigoda akanisemesha Kiswahili, na mimi niliyekuwa nakichukia Kiswahili nililia kwa kukisikia.

"Dada, huyu mama nauliza, wale asikari walikukamata wapi?"

"Hawakunikamata. Mimi ni mpishi wao."

Akamweleza. Nakiru akasema maneno marefu.

"Anasema, kama hawakukukamata, kwa nini ulipiga magoti? Huku mtu napiga magoti mbele ya mtu wakati mkuki iko shingoni. Naomba uhai. Yeye alijua unaomba uhai."

"Kwetu ni salamu tu, mzee. Nilikuwa namsalimu."

Lokwang alipotafsiri hilo, Nakiru alicheka mpaka akashika kihenge asianguke, akawaita wanawake wengine, akawaonyesha namna nilivyofanya, na wao wakacheka. Nami nikaona aibu, nikataka kurudi kwenye lori, ndivyo nilivyokuwa mjinga. Kisha akauliza huyo askari mkubwa alinipataje. Nikasema, gunia la sukari. Lokwang akahangaika kueleza sukari. "Kama asali," aliniambia ndivyo alivyomwambia, "lakini kavu." Nakiru akauliza, na ng'ombe wangapi? Hakuna ng'ombe. Hata mmoja? Hata mbuzi. Hapo hakuna aliyecheka tena. Kule msichana hatoki kwao bila zizi kujaa, na hawa wanawake niliowaona maskini walinitazama kwa huruma ambayo sijawahi kutazamwa nayo tena.

"Anasema," Lokwang akaniambia, "basi hakukosea."

Nilikaa kwao miezi, kiangazi chote na mvua iliyofuata. Mtu asidhani nilipapenda siku ya kwanza. Nilikataa damu ya ng'ombe iliyochanganywa na maziwa, nikasema bora nife, na baada ya siku mbili nikainywa. Nilililia ndizi kama mtoto. Walininyoa, wakanipaka samli, gauni langu likachomwa kwa sababu lilionekana kwa mbali, nikavaa ngozi. Aibu ya kifua wazi ilikaa kwangu muda kisha ikachoka yenyewe. Nilijifunza kusaga mtama kwa jiwe, kuziba paa, kubeba kibuyu kichwani bila kukishika. Kilichonishinda ni magoti. Nakiru akinipa chakula, chini. Mzee akipita, chini. Watoto walinifuata wakiniiga, wakawa wanaanguka magoti mbele ya mbwa. Mwishoni Nakiru alikasirika, akamwita Lokwang amtafsirie vizuri asipunguze neno. "Anasema, angalia lango letu. Mwenye ng'ombe mingi natambaa, mgeni natambaa, yeye mwenyewe natambaa. Huku tunapiga magoti mlangoni tu. Ukishaingia ndani, simama." Nikasema nimesikia. Kichwa kilisikia. Magoti yalikuwa bado.

Mtama ulikuwa umefika kiunoni Amule aliporudi. Walizingira boma mapema asubuhi na malori mawili, wakawaamuru watu watoke wote wajipange nje. Tukatambaa kutoka mmoja mmoja, na askari wakacheka kuona vichwa vikitokea tunduni. Nilikuwa katikati ya wanawake, Nakiru nyuma yangu. Nilimwona Amule kwa mara ya kwanza tangu debe lile. Mikono safi. Alisimama karibu na robota lililofunguliwa na alikuwa akigawa nguo mwenyewe, maana siku hiyo alikuja na mpiga picha. Aliuliza nani anajua Kiswahili, na Lokwang akajitokeza na kigoda chake.

"Mzee, mupishi yangu, mwanamke ya Kiganda, napotea hapa. Nyinyi nakula yeye?"

"Afande," Lokwang akasema, "Muganda nafanya nini hapa? Hapa hakuna hata kivuli."

Askari wakacheka, hata Amule akacheka kidogo. Akamtupia kaptula. Lokwang akaidaka, akaitazama mbele na nyuma kama anayenunua, akaikunja vizuri kwa mikunjo ya kipolisi, akaiweka juu ya miiba ya uzio. "Afande, hii nguo mimi nilivaa miaka mingi," alisema. "Nilifanya kazi, kazi ikaisha, nikairudisha kwa serikali safi, imepigwa pasi. Sasa nimepumzika." Alisema bila ukali. Nadhani alisema hivyo kwa sababu ni kweli. Saidi Amule akatoa bastola, akampiga risasi kifuani, Lokwang akaanguka juu ya kigoda chake. Naandika tena jina, lisije likapotea katikati ya maneno: Saidi Amule ndiye aliyemuua Lokwang, aliyekuwa polisi wa serikali ya Uganda, kwa ajili ya kaptula ya kijivu.

Mstari ukaendelea. Mwanamke wa mbele yangu akapewa gauni, akalipokea amesimama, akalivaa juu ya ngozi. Kisha zamu yangu. Amule alinyoosha gauni kwa mkono ule niliousafishia sahani Bugolobi, akanitazama usoni, karibu kama nilivyo na karatasi hii. Nilikuwa nimepika chakula chake, nimelala chini ya paa lake. Hakuniona. Aliona kichwa kilichonyolewa, samli na shanga, mmoja wa wale wasio na haya. Lakini gauni lilikuwa linanijia, kitu kinatolewa na mkubwa, na magoti yangu yakaanza. Nilihisi yanalegea yenyewe, kama yanavyolegea tangu nilipojifunza kutembea. Angeniona nikishuka nusu tu, angejua, maana ni nani mwingine katika nchi ile yote angepokea hivyo? Nakiru aliyekuwa nyuma akanikanyaga kisigino kwa uzito wake wote. Maumivu yalipanda mpaka kiunoni, magoti yakakaza. Nikapokea gauni nimesimama, kwa mkono mmoja, nikimtazama machoni. Yeye ndiye aliyegeuza uso kwanza. "Hii watu hapana na adabu kabisa," alimwambia mpiga picha. "Hata asante hapana."

Walichukua ng'ombe waliowataka, wakaondoka. Nakiru akavua gauni lake la kijivu, akalitumia kumfunika Lokwang, na hayo ndiyo matumizi pekee ya maana niliyoyaona kwa nguo zile. Baada ya mavuno wanawake watatu walinisindikiza, Nakiru mmoja wao, mpaka kituo cha wamisionari ambako lori lilikuwa likienda Mbale. Hatukuwa na wa kututafsiria. Alinisukuma mgongoni kuelekea lori, nikapanda, na hakungoja kuona vumbi. Nilirudi Kampala nikajificha Wandegeya kuosha vyombo vya watu, Muislamu mmoja mwenye hoteli akiniita jina la uongo. Serikali ile ilipoanguka Amule alikimbia, hakuna aliyeniambia alikofia, na kama hajafa, haya ni yake pia.

Siku ya olumbe, nyumbani kwa marehemu Kansanga, nilipika kama ninavyopika siku zote, sipiki vibaya kwa hasira. Watu walikula, mrithi akavikwa nguo ya gome, wazee wakaletewa chai. Kisha kijana akaniita mbele ya hema. Nilikwenda na aproni yangu. Mahali pale mwanamke hupiga magoti kwanza, anasalimu wazee, ndipo anasema, na walikuwa wamenitandikia mkeka kabisa. Nikasimama pembeni ya mkeka. Mama mmoja nyuma yangu akanivuta gauni. "Robina, fukamira! Wazee wanangoja." Kisigino changu cha kulia, ambacho hakikupona vizuri, kilikuwa kinauma kwa kusimama jikoni tangu alfajiri.

"Naitwa Robina," nikasema. "Mlioniita niseme, nasema. Kalanzi alinishika bega hili, kwenye baa yake hapa Kansanga, akanipigisha magoti mbele ya Sajini Saidi Amule, akanitoa kwa gunia la sukari. Huyo sajini akamuua mzee Lokwang, Mkaramoja, mbele ya macho yangu. Lokwang hakuwahi kuniuza. Chai mnayokunywa, sukari yake nimenunua mwenyewe. Malizeni."

Kijana alikuwa ameshika kikombe. Hakukiweka chini wala hakukipeleka mdomoni. Nikakusanya mwiko na sufuria zangu mbili kubwa, nikatoka. Kamba ya hema pale mlangoni ilikuwa imelegea, turubai limeshuka. Hapo nikainama, nikapita.